Wastani wa Chuo Hauelezi Hali ya Idara

Tutakapo kujua kama chuo kikuu kinawatendea haki wanafunzi wa kike, aghalabu huuliza swali moja tu: wamekubaliwa wangapi? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi.

Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, kilipokea maombi 12,763 ya masomo ya shahada za juu. Kati ya wanaume walioomba, asilimia 44 walikubaliwa. Kati ya wanawake, asilimia 35 tu. Wataalamu watatu, P. J. Bickel, E. A. Hammel na J. W. O'Connell, walizichambua takwimu hizo idara kwa idara, wakachapisha matokeo mwaka 1975 katika jarida la Science. Ilidhihirika kwamba katika idara nyingi wanawake hawakuonewa. Katika idara moja kubwa waliomba wanaume 825, wakakubaliwa asilimia 62. Wanawake walikuwa 108 tu, wakakubaliwa asilimia 82. Katika idara nyingine waliomba wanaume 373 na wanawake 341. Huko walikubaliwa asilimia 6 ya wanaume na asilimia 7 ya wanawake.

Hapo fumbo lateguka. Wanawake wengi waliomba idara zenye ushindani mkali, na wanaume wengi waliomba idara zilizokuwa rahisi zaidi kuingia. Idara hizo za pili, kwa kawaida, ndizo zilizodai Hisabati zaidi.

Je, tuseme basi kwamba hapakuwa na dhuluma? Hasha! Dhuluma ilikuwapo, ila ilitendeka mapema, kabla ya fomu ya maombi kujazwa. Maji hufuata mkondo, na mkondo huu huchimbwa nyumbani na shuleni.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mlinzi wa kwanza wa lango la chuo kikuu ni mwalimu wa sekondari. Siku msichana anapoambiwa kuwa Hisabati na Fizikia si masomo yake, idara ya uhandisi imekwisha kumpoteza. Wala jina lake halitaonekana katika orodha ya waliokataliwa, kwa kuwa hakuomba.

Mwalimu, wahesabu wasichana waliobaki katika darasa lako la Fizikia, kisha uulize wengine waliachia wapi na kwa nini. Nawe mwanafunzi, kabla ya kuliacha somo, tambua ni idara zipi unazojifungia.