Fundi Akikuandikia "Seti 1", Muulize Ndani Yake Kuna Nini

Msimu wa kupukuchua mahindi unakaribia, na vikundi vitatu vya hapa Kidugala vimeniletea michoro ya mashine ili niwasaidie kuandaa andiko la mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 usio na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Michoro ni mizuri kweli. Vijana wa karakana siku hizi wanachora kwa kompyuta, mashine unaizungusha ukaiona mpaka chini. Tatizo langu ni karatasi inayofuata mchoro, yaani mchanganuo wa vifaa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana kikundi kimoja kilileta mchanganuo wa mashine kama hiyo. Fundi alikuwa ameupanga kwa mafungu: ngoma, feni, fremu. Kwenye ngoma kulikuwa na beringi 2. Kwenye feni, beringi 2 tena, saizi ileile. Mimi nikadhani kajirudia, nikafuta zile za feni, na nikajiona nimewaokolea wanakikundi hela. Siku ya kufunga mashine, feni haikuwa na beringi. Mtu akapanda gari kwenda Makambako, hakupata saizi ile, akarudi tena kesho yake. Siku mbili mashine imesimama, wateja wakabeba magunia yao wakahamia kwa mashine nyingine, na wengine hawajarudi mpaka leo. Nauli niliilipa mimi, na ilikuwa haki.

Fundi hakukosea kupanga kwa mafungu. Yeye anajenga ngoma leo na feni kesho, kwa hiyo anataka kuona vitu vya ngoma pamoja. Lakini mwenye duka haujui mpangilio huo wala haumhusu. Yeye anataka kusikia "beringi saizi fulani, 4". Karatasi moja ilikuwa inafanya kazi mbili, na mimi niliyesoma sikujua ni ipi.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu hapo hela inapotea bila mtu kuona. Fundi anaandika "Seti ya ngoma, 1" na bei moja mbele yake. Ndani ya seti hiyo kuna shafti, beringi, puli, pleti iliyokunjwa, meno na bolti. Utalinganishaje bei ya seti hiyo kati ya duka moja na jingine? Hakuna duka linaloiuza. Unalipia meno mangapi? Hujui. Na mfanyabiashara wa kijijini anayetaka mashine yake mwenyewe naye anakubali tu, eti kwa sababu karatasi imetoka kwenye kompyuta.

La tatu ni la hesabu. Mashine ina magurudumu mawili. Mchanganuo unasema "Fungu la gurudumu, 2", na chini yake "beringi 2, nati 4". Je, nati 4 ni za gurudumu moja au za yote mawili? Ukienda dukani na karatasi hiyo utarudi na nati 4, wakati zinatakiwa 8. Beringi utaleta 2 badala ya 4.

Wapo wanaosema basi tuache mafungu, tuandike orodha moja ndefu. Mimi sikubaliani nao. Orodha ya mistari 80 isiyo na mafungu hakuna mjumbe atakayeisoma kwenye kikao, wataisaini tu. Mafungu yabaki, ila yasiguse idadi.

Aya hii mpelekee fundi wako. Kwenye SolidWorks, ukiweka vipande ndani ya folda unapanga tu ili vionekane vizuri, mchanganuo haubadiliki. Ukivigeuza kuwa mkusanyiko mdogo ndani ya mkusanyiko mkubwa, hapo programu inaweza kuliandika fungu zima kama kitu kimoja, isipokuwa uiambie ilifumue na kupandisha vilivyomo. Kwenye Inventor chagua mpangilio uitwao Phantom: fungu linabaki kwenye mchoro, haliandikwi kwenye orodha, lakini vipande vyake vinahesabiwa. Asiye na hela ya programu atumie FreeCAD, ambayo ni ya bure. Toleo la 1.0 la Novemba 2024 lilikuja na zana za kuunganisha vipande na kutoa orodha.

Kipi basi kiandikwe kama kitu kimoja? Kile unachoweza kuingia dukani ukakinunua kizima. Injini ina vipuri vingi sana ndani, lakini inabaki mstari mmoja. Beringi inayouzwa na nyumba yake, vilevile mstari mmoja. Fundi akikata, akakunja na kuchomelea mwenyewe, avitaje vyote mpaka urefu wa chuma.

Kwangu andiko halipiti bila karatasi mbili. Ya kwanza kwa mafungu, ya kikao. Ya pili kwa jumla, kila kifaa na saizi yake mara moja tu, ya dukani. Kaeni mzihakiki pamoja: mmoja asome mafungu, mwingine aweke punje ya maharage kwa kila kimoja, mwisho mhesabu kama punje zinalingana na karatasi ya pili. Beringi za ngoma na za feni zinaenda pamoja, za magurudumu weka pembeni kwa sababu saizi yake ni nyingine. Vijiti vya kuchomelea, rangi na grisi viongezeni kwa mkono, maana havichorwi na kompyuta haiwezi kuvijua.

Vikundi viwili nimewarudishia karatasi zao, wanarekebisha. Fundi wa kikundi cha tatu alinuna kidogo, akasema mimi ni mtu wa mbolea na mbegu, michoro nimwachie yeye. Nikamwomba ahesabu nati za magurudumu tu. Jioni alinitumia mchanganuo mpya kwa WhatsApp, nati zimekuwa 8.