Bajeti Ndogo Sio Dhambi

Nikipost filamu ya kitambo, lazima msee mmoja aandike, "Takataka, si unaona hawakuwa na pesa." Leo ni zamu ya Red Ensign, drama ya Uingereza ya 1934, na mimi sinyamazi.

David Barr anasimamia kampuni ya kuunda meli Glasgow. Biashara imelala, mafundi wako mtaani bila kazi, na wakurugenzi wamekalia pesa. Yeye anataka kuunda meli ya aina mpya, sasa hivi. Akikataliwa, anaghushi sahihi. Leslie Banks, ambaye uso wake uliumizwa upande mmoja kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, anamcheza kama mtu ambaye hajalala wiki nzima. Mapenzi ya mle ndani ni ya kubandika tu, hapo siwatetei. Lakini mtu anayevunja sheria ili wengine wapate kazi? Hiyo haihitaji bajeti.

Sasa tuongee pesa. Mwaka 1927 Uingereza ilipitisha sheria: kumbi na wasambazaji lazima wawe na kiasi fulani cha filamu za nyumbani, maana Hollywood ilikuwa imemeza kila kitu. Kampuni za Marekani zilifanya nini? Zikaagiza filamu za kutimiza sheria tu, kwa pauni moja kwa kila futi ya filamu. Futi 6,000, saa moja na kitu, pauni 6,000, kwisha. Manze, sanaa inapimwa kama kamba ya kufulia! Red Ensign yenyewe ilitoka Gaumont-British, sio kwa Wamarekani, lakini iliingia soko hilo hilo na ikatupwa kwenye kapu hilo hilo.

Kwa hivyo ukitaka kutukana, mtukane aliyelipa kwa futi. Usimtukane Michael Powell, kijana ambaye hajafika miaka 30, aliyepiga filamu zaidi ya 20 kati ya 1931 na 1936 kwa vijisenti hivyo. Na msiniambie eti alikuja kuwa mkubwa na The Red Shoes. Hata asingekuwa mkubwa, kazi ni kazi.

Hii "takataka" yenu ina bei. Filamu yake ya kwanza, Two Crowded Hours ya 1931, haipo. British Film Institute iliiweka kwenye orodha ya filamu 75 inazozitafuta zaidi. Kuna mtu aliona ni ya bei rahisi, hakuona haja ya kuitunza.

Red Ensign bado ipo. Itazame yote, halafu uje tubishane.