Manyunyu Lavington: Mvua yasingiziwa, kosa ni la vihami

KILA masika yanapobisha hodi, wakazi wa Lavington huanza kutafuta mishumaa, na lawama zote hutupiwa mvua. Hata hivyo, ipo hitilafu ya umeme isiyohitaji gharika. Manyunyu mepesi baada ya ukavu wa Januari na Februari yanaitosha.

Chanzo chake ni vihami, vile vikombe vinavyozuia umeme kushuka kutoka kwa waya hadi kwenye mlingoti. Lavington ya leo si ile ya nyumba chache zilizofichwa na miti. Majumba ya kale yanabomolewa kupisha maghorofa, na vumbi la saruji halichagui pa kutua. Likiwa kavu halina neno. Likilowa kidogo, huwa njia ya umeme: mkondo hafifu hutambaa juu ya kihami, hukausha ukanda mwembamba, kisha cheche huuruka ukanda huo. Cha kinaya ni kuwa mvua kubwa ndiyo mwoshaji wa bure.

Kauri na kioo hustahimili cheche hizo. Plastiki na aina nyingi za mpira, zikiungua, huacha masizi ya kaboni, nayo hupitisha umeme. Basi mchirizi mweusi hujichora, ukitawi mithili ya mizizi, usiku baada ya usiku, hadi ufike upande wa pili. Kidonda hicho hakiponi, wala kuosha hakukifuti.

Hatusemi kauri irejeshwe kila mahali. Mpira wa silikoni ni mwepesi, hauvunjwi kwa jiwe na hufukuza maji. Hata ukifunikwa na vumbi, huliambukiza vumbi hilo tabia hiyo. Lakini si kila mpira ni silikoni, na jua la Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, halina huruma kwa bidhaa hafifu. Kipimo kipo, IEC 60587, ambapo maji yaliyotiwa chumvi ya amonia hutiririshwa kwa saa 6 juu ya sampuli iliyoinamishwa huku ikibebeshwa maelfu ya volti. Swali kwa kampuni ya Kenya Power ni jepesi: je, kila shehena hupimwa hivyo, au hutegemewa cheti cha muuzaji?

Giza la Agosti 25, 2023, lililofika hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, liliwalazimu wakuu wa serikali kujieleza. Giza la mtaa mmoja halimwamshi waziri yeyote. Ndiyo maana kihami kilichoungua kinapoteremshwa, kinafaa kuchunguzwa, aina yake na mwaka wa kununuliwa ukiandikwa, badala ya kutupwa nyuma ya lori.

Kwa sasa, anayesikia mchakarisho na kuona mwanga wa zambarau juu ya mlingoti usiku wa ukungu aipigie kampuni simu, wala asiusogelee mlingoti huo.