Siku Yako ya Kuzaliwa Si Sekunde

Wasee, kama umewahi kujaza fomu mtandaoni, kisha ikakuonyesha tarehe ya kuzaliwa iliyorudi nyuma siku moja, usijilaumu. Kuna developa aligeuza siku yako kuwa sekunde.

Iko hivi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde, kuanzia saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za UTC. Nairobi iko mbele ya UTC kwa masaa matatu. Kwa hivyo chukua namba kama 1072904400. Hapa kwetu hiyo ni saa sita usiku, 1 Januari 2004. Kwa UTC bado ni saa tatu usiku, 31 Desemba 2003. Namba ni moja, tarehe mbili.

Sasa mtu amezaliwa 1 Januari 2004. Simu yake inaipa hiyo tarehe saa sita usiku ya Nairobi, inaituma kama sekunde, na seva inaisoma kwa UTC. Ghafla amezaliwa mwaka mwingine! Kitambulisho kinasema hivi, fomu inasema vile. Anayekagua maombi ya kazi ama ya mkopo wa masomo hajui mambo ya UTC. Anaona tu mtu anayedanganya umri. Na mwenye atapanda matatu kwenda kujieleza si huyo developa. Ni wewe.

Utasikia ati weka tu seva kwa saa za Nairobi yaishe. Haiishi. Mtu akiifungua akiwa London, tarehe inaweza kurudi nyuma tena.

Mimi naona hivi: sekunde ni za vitu vilivyotokea. Pesa imeingia lini, ujumbe umetumwa saa ngapi. Hifadhi sekunde, kisha nionyeshe kwa saa za hapa. Lakini siku ya kuzaliwa haina saa. Ukihamia London huzaliwi upya. Iandikwe vile ilivyo, 2004-01-01, na isiguswe.

Developa, jaribu hivi kabla ya kuachilia programu yako: jaza tarehe simu ikiwa kwa saa za Nairobi, kisha ibadilishe iwe ya London. Tarehe ikisonga, rudi kazini.

Na wewe unayejaza, usiharakishe kubonyeza "tuma". Soma tarehe mara ya mwisho, na upige skrinishoti. Siku ya kubishana utaihitaji.