Gari la kifahari la mtumba hulipiwa mara mbili

SAFU YA BARABARANI
Na Mwanahamisi Kibwana

Pita yadi yoyote ya magari Dar es Salaam uulize bei. Fedha zinazonunua Toyota Vanguard iliyo safi mara nyingi zinakaribia zile zinazonunua BMW X5 ya mwaka 2008: viti vya ngozi, paa la kioo, injini ya silinda 6. Mtu aliyejibana miaka mingi akisimama katikati ya magari hayo mawili ana kila sababu ya kushawishika, na simlaumu. Gari zuri ni furaha halali ya mtu aliyefanya kazi. Ninachotaka ajue kabla hajatoa fedha ni kwamba magari hayo hayana bei moja. Bei ya Vanguard karibu yote imebandikwa pale kiooni. Ya X5 imebandikwa nusu, na nusu nyingine inamsubiri gereji.

Thamani ya gari hushuka kila mwaka, lakini vipuri vyake havishuki nayo. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya tajiri wa Munich au London, hata likiuzwa leo kwa bei ya gari la mwalimu, bado linadai shokapu za tajiri, kontrol boksi ya tajiri na fundi wa tajiri. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na kwenye magari haya upishi huvunjika ndani ya mwaka wa kwanza.

Tujiulize kwanza kwa nini yanatufikia kwa bei hiyo. Mengi hutoka Japan. Kule gari jipya hupita ukaguzi wa lazima uitwao shaken likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama ya mwenye gari. Likifika miaka 13, kodi yake inapanda. Mjapani mwenye gari la Ulaya hukaa chini kabla ya shaken inayofuata, akapiga hesabu ya matengenezo yanayokuja, akaona heri alipeleke mnadani. Hajafanya kosa lolote. Ndivyo soko lilivyo. Lakini maana yake ni kwamba gari hilo hutufikia pale ambapo mtu mwenye kipato kikubwa kuliko wengi wetu ameona kuendelea kulitunza hakumlipi. Yale matengenezo aliyoyakimbia yamesafiri nalo melini.

Jambo la pili linalotuponza ni kununua kwa jina. Benzi ilijijengea heshima Afrika Mashariki kwa magari kama W123, yaliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985, karibu milioni 2.7. Yalikuwa na waya chache, na injini ambayo fundi wa chini ya mwembe aliweza kuifungua na kuirudisha. Sifa ile ilichumwa na gari lile. C200 Kompressor ya mwaka 2007 ina injini ya M271, ambayo mafundi wanaijua kwa cheni kulegea na meno ya gia za kamshafti kulika. Injini za V6 za M272 zilizotengenezwa kabla ya 2007 zina gia ya shafti ya mizani inayolika mapema, na kuibadilisha ni mpaka injini ishushwe. BMW waliweka turbo katikati ya injini yao ya V8 iitwayo N63, palepale penye joto kali, na mwaka 2014 walilazimika kuanzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wateja wa Marekani waliokuwa na injini hiyo. Hata kwa Toyota jina pekee halitoshi: Mark X ya lita 2.5, kipenzi cha vijana wa Nairobi na Dar, ina injini ya 4GR-FSE inayojulikana kwa kujaza masizi kwenye valvu na kula oili. Kwa hiyo anayeuliza kama Benzi ni gari zuri hajauliza kitu. Aulize injini gani, ya mwaka gani, na ugonjwa wake unaojulikana umeshatibiwa au bado.

Nako kwenye ripoti za ubora tuwe waangalifu. Kampuni ya J.D. Power ya Marekani iliiweka Lexus juu ya zote kwa uimara mwaka 2023, 2024 na 2025, na sibishi. Ila utafiti ule huwauliza wamiliki wa kwanza wa magari yenye miaka 3. Magari tunayonunua sisi yana miaka 8, 12, hata 15, na yamepita mikono ambayo hatuijui. Mimi najifunza zaidi kwa Wajerumani. Ripoti yao ya TÜV hutokana na ukaguzi wenyewe wa magari, na huyapanga kwa umri hadi yale ya miaka 12 na 13. Gari ambalo mara nyingi linashika nafasi za juu hata uzeeni ni Porsche 911, gari la mwendo mkali lenye mitambo mingi. Lingetarajiwa kuwa la kwanza kuchoka. Linadumu kwa sababu wenyewe hawalitembezi sana, na oili humwagwa kwa wakati. Vyaelea, vimeundwa. Gari la kifahari la mtumba hutegemeka kwa kadiri lilivyotunzwa na wote waliolimiliki, na hilo ndilo la kupimwa pale yadi kabla ya rangi, viti na nembo.

Nitoe mfano wa jinsi gharama inavyozaliwa. Range Rover Sport, Discovery 3 na S-Class nyingi hazikai juu ya springi za chuma. Zinakaa juu ya mipira iliyojazwa upepo. Mpira ukizeeka hupata nyufa ndogo kwenye mikunjo, upepo ukavuja usiku kucha, na asubuhi gari limeinama kona moja. Ukiwasha, kompresa inajaza upya, gari linanyanyuka vizuri, na mwenyewe anaondoka bila wasiwasi. Lakini ile kompresa imeundwa kufanya kazi muda mfupi kisha ipumzike. Sasa haipumziki. Inapata moto, inachoka, inakufa. Aliyetakiwa kununua mpira mmoja mwezi Machi ananunua mpira na kompresa mwezi Juni. Basi ukienda kulitazama gari la aina hiyo, mwombe muuzaji alilaze palepale usiku mzima, nawe ufike kabla halijawashwa ulitazame kona zote nne.

Mfano wa pili tunautengeneza wenyewe. Injini inachemka kwenye foleni ya Ubungo, fundi anang'oa themostati na kuitupa, akisema hiki ni kifaa cha nchi za baridi. Injini za zamani zilivumilia. BMW nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina wota pampu ya umeme na themostati inayoongozwa na kompyuta. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani bado ni asubuhi, oili inachafuka, na gari linakunywa mafuta kupita kiasi. Chanzo chenyewe cha kuchemka, ambacho huenda ni ile pampu inayokufa au tangi la plastiki lililopasuka, kimebaki vilevile. Nasema haya bila kuwadharau mafundi wetu, ambao wengi wana vipaji vikubwa. Nasema kwa sababu unaponunua gari lililokwisha kutembea hapa nchini, unanunua pia kila uamuzi wa namna hiyo uliowahi kufanywa ndani yake.

Wanaotamani dizeli za Uingereza wana la ziada la kupima. Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini magari ya Ulaya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi yameundwa kwa dizeli ya sehemu 10, na chujio hilo hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu wa kasi. Anayetoka Mbezi kwenda Posta kwa mwendo wa kusota kila siku halipi chujio nafasi hiyo.

Sasa tuje kwenye kukagua, maana ushauri usio na vitendo haumsaidii mtu. Fika asubuhi, injini ikiwa baridi, na uweke kiganja juu ya boneti kuhakikisha. Ukilikuta lina moto, kuna mtu hakutaka usikie linavyowaka mara ya kwanza. Fungua swichi bila kupiga stata: taa zote za dashibodi ziwake, kisha zizime injini ikianza. Taa ya chek injini isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi. Likiwaka, nyamaza usikilize. Mkwaruzo wa sekunde chache kwenye M271 ni cheni inayogonga kabla oili haijapanda kuikaza.

Kisha lipimwe kwa kompyuta, na usiridhike ukiambiwa halina kosa. Makosa hufutwa kwa dakika moja nje ya geti la yadi. Kinachoshindikana kufichwa haraka ni hiki: makosa yakifutwa, kompyuta ya injini huanza upya kujipima sensa za oksijeni, masega ya ekzosi na mfumo wa mvuke wa petroli, na vipimo hivyo huhitaji siku kadhaa za kuendesha mpaka vikamilike. Hata mashine ya bei ndogo inaonyesha kama vimekamilika, na magari mengi huonyesha kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Gari unaloambiwa linatumika kila siku, lakini vipimo vyake vyote havijakamilika, limefutwa jana kwa ajili yako.

Usidanganyike na namba. Herufi ya E kwenye kibao cha Tanzania inaeleza lilisajiliwa lini hapa. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2008 linaweza kuvaa namba E likameremeta. Kama limetoka Japan, dai karatasi ya mnada. Humo mna daraja: 4.5 ni safi, 3.5 lina kasoro za kuonekana, R au RA limewahi kugongwa na kutengenezwa. Mna kilomita, na mchoro wa bodi ambapo XX ni kipande kilichobadilishwa. Kama limetoka Uingereza, historia ya ukaguzi wao wa kila mwaka, pamoja na kilomita za kila ukaguzi, iko wazi bure kwenye intaneti kwa namba ya usajili ya kule. Muuzaji anayesema karatasi imepotea ameshakujibu.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya chasi uende Gerezani, Kariakoo. Uliza bei ya vitu vinne: wota pampu, shokapu au springi za upepo za mbele, kontrol boksi ya gia, na huduma kamili ya gia boksi kwa oili inayotakiwa na mtengenezaji. Uliza pia nani mjini ana mashine ya kulipima gari la aina hiyo. Ukikuta ni fundi mmoja tu, ujue umefunga naye ndoa. Jumlisha, na ushauri wangu ni huu: kama baada ya kununua hubaki na angalau robo ya bei ya gari kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, gari hilo bado si saizi yako. Na kama riziki ya familia inategemea gari hilohilo kuwaka kila alfajiri, chukua Crown, Harrier au Lexus iliyotunzwa. Utapata starehe, utapata usalama, na spea utazipata bila kuagiza.

Wapo watakaosema ninawatisha watu. Hapana. Gari la kifahari lililotunzwa lina bodi imara, breki za uhakika na viti vinavyookoa mgongo kwenye safari ya Dodoma, na mtu aliyejipanga atalifurahia miaka mingi. Ninaowapigania ni wale wanaotoa akiba ya miaka, au mkopo wa kazini, kisha baada ya miezi sita gari liko juu ya matofali na makato ya mkopo yanaendelea kwenye mshahara.

Na hili haliwahusu wanunuzi peke yao. Gereji nyingi hapa kwetu zinapokea fedha bila kuandika hata mstari mmoja. Wenye magari tunamwaga oili kwa kukisia, na wenye yadi wanazitupa karatasi za mnada pamoja na maboksi. Daftari la matengenezo ni la bei ya soda. Mwenye gari akiandika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na nani amebadilisha, akaambatanisha risiti, gari lake linastahili kuuzwa kwa bei nzuri, nasi tunastahili kuilipa. Aliyelitunza kwa miaka hawezi kulipwa sawa na aliyelipaka rangi juzi, na sisi wanunuzi ndio tunaoyaacha yakae hivyo kila tunaponunua gari lisilo na kumbukumbu kwa bei ya lenye nazo. Tuanze kulidai daftari kabla ya kuuliza bei. Asiye nalo apunguze bei kwa gharama ya yote asiyoweza kuyathibitisha, au abaki na gari lake.