Volkswagen au Peugeot 404?

Wako wazee waliosoma hapa ambao hata leo hushindana kwa maneno: ipi motokaa bora, Volkswagen ya mviringo au Peugeot 404? Nami natoa maoni yangu.

Kwa mbio, zote zina sifa. Katika mashindano ya Safari, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7 tu.

Injini ya Volkswagen hupozwa kwa upepo, basi hakuna maji ya kuchemka mlimani. Tena iko nyuma, ikiyalemea magurudumu yanayosukuma, hata matopeni hushika ardhi. Kwa mwalimu asiye na jamaa wengi yatosha.

Lakini kwetu motokaa si ya mtu mmoja. Jirani akiugua usiku, hodi hupigwa kwa mwenye motokaa. Ukitokea msiba, ni yeye. Ndizi zikienda sokoni, ni yeye. Volkswagen hujaa upesi. Peugeot ina buti pana, na ile iliyotengenezwa kwa jamaa kubwa ina safu tatu za viti. Ni kweli hunywa petroli zaidi, na rejeta yake yataka kuangaliwa. Gharama hiyo naikubali.

Basi mimi nachagua Peugeot. Motokaa isipimwe kwa vikombe tu, ipimwe kwa watu inaowafikisha. Mwenye hoja nyingine na ajibu.