Pori ya mugini ipate karatasi yake

Ndugu wachimbaji, pamoja na ba mama nyumbani: kila asubui mu njia ya Kasumbalesa makamyo na makinga ya makala yanaingia Lubumbashi. Ile makala ni miti ya mugini kwetu. Sisemi muuzaji ni mubaya; umeme unakatika, na bukari haiivi na maneno. Lakini muti wa miombo unachukua miaka mingi kurudia, na finkubala, bowa na buki vinaondoka pamoja nao.

Sheria iko. Dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mugini kuomba pori ya mababu yao, mpaka hekta 50.000, bure, tena bila mwisho. Hakuna anayelazimishwa. Batu benyewe banakaa, banachora mipaka, banakubaliana: fasi hii tutakata kidogo, fasi ile hapana. Ombi linapelekwa kwa Gavana wa jimbo.

Tusidanganyane. Udongo ni wa Serikali, madini ya chini vilevile, na ile karatasi haifungi mulango kwa kampuni yenye kibali cha kuchimba. Sisi wa sendika tunajua hilo kuliko wengine. Ila kampuni ikikuta mugini hauna kitu, inaongea na chefu peke yake, usiku. Ikikuta mipaka imeandikwa, batu bote bana haki ya kukaa pale na kuuliza.

Mwenye konji mwezi huu aende kwao, atembee na wazee mpaka wamuonyeshe mupaka uko muto gani. Aende na daftari.